Gari la Babu Lina Kosa Gani?

Vijana wenzangu, hivi mnajua kwamba ushuru wetu hauoni tofauti kati ya Peugeot 504 ya mwaka 1975 na kigari cha Japani cha mwaka 2010? Yakishushwa leo bandarini Dar es Salaam, yote mawili ni "chakavu". Gari dogo la abiria lililozidi miaka 10 linabebeshwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa kosa moja tu: umri. La miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15. Hapo bado ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18.

Najua mtu ataniambia, "Dada, watu hawana maji, wewe unalilia magari ya matajiri?" Subiri kwanza.

Magari ya kale ya nchi hii mengi hayako kwa matajiri. Yako juu ya mawe nyuma ya nyumba za wazee wetu: Land Rover iliyobeba mbolea, Peugeot iliyopeleka maharusi kanisani, Bedford iliyosomesha ukoo mzima. Na wanaoyafufua ni vijana wa gereji. Nenda Gerezani uone fundi bodi anavyogonga bati mpaka linarudi kwenye umbo lake, bila kitabu wala kompyuta. Gari moja la kale linalisha fundi injini, welda, fundi umeme, mpiga rangi na mshona viti. Hii ni nchi iliyounganisha Scania pale TAMCO Kibaha, na Nyumbu wakaunda lori lao wenyewe. Ujuzi tunao. Kinachokwamisha ni makaratasi.

Kijana ananunua Land Rover ya marehemu kwa familia. Kadi ina jina la marehemu, mirathi haijafunguliwa, kwa hiyo hakuna mwenye mamlaka kisheria ya kumuuzia. Au kadi ina jina la shirika la umma lililokufa zamani, sasa nani atasaini? Au gari lina namba za TZ, halikuwahi kuhamishiwa kwenye mfumo wa T tunaoujua leo. Au injini ya asili ilikufa, ikafungwa nyingine, na namba yake haifanani na ya kwenye kadi. Hapo fundi anayetaka kufuata sheria anaonekana kama mwizi. Mwisho wa siku gari linakatwa, linauzwa kwa kilo.

Tumeshaliona hili. Kabla ya 2017, ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilikuwa inahesabiwa hata kama gari limelala halina matairi. Deni na faini vikapita thamani ya gari lenyewe. Bajeti ya 2017/18 ikaifuta ada hiyo na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kufuta ilikuwa sawa kabisa, nasema wazi. Lakini aliyekuwa ameshauza gari la baba yake skrepa kwa kukimbia deni, nani alimrudishia?

Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Sawa, kila Juni Bunge linatunga. Swali langu ni hili: fundi wa Gerezani aliulizwa lini? Sharti linapanda, linashuka, yeye analisikia redioni.

Kuna hoja mbili za kweli upande wa pili. Magari mabovu yanaua watu, na wezi hubadilisha namba za chesisi. Basi tukague breki, moshi na chesisi. Umri hauambii mtu kama breki zinashika, na kumnyima mtu kadi hakumkamati mwizi. Uingereza, ambako Land Rover hizi zilitoka, mwezi Agosti 2025 walilegeza masharti: ukirudishia vipuri vya aina ileile na maelezo ya kwenye kadi hayajabadilika, huna haja ya kuijulisha ofisi ya usajili. Na gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa linaweza kubaki na utambulisho wake wa asili, mradi uyatolee taarifa.

Sisi tudai mambo matatu. Moja, kundi la gari la kihistoria kwenye sheria, lenye ushuru wake na ukaguzi wake. Mbili, kipindi maalumu cha kurasimisha magari yaliyokwama kwenye majina ya marehemu na mashirika yaliyokufa, kwa tangazo la wazi na muda wa kupinga. Tatu, mafundi waitwe kwenye kamati kabla ya muswada wa fedha kupita.

Kama mtaani kwenu kuna gari lililokwama hivi, andika: kadi ina jina la nani, umekwama hatua gani, umeambiwa nini. Mpelekee mbunge wako, na nakala mpe katibu wa vijana wa kata. Tukifika na mifano mia mkononi, hakuna atakayetuambia hili ni suala la matajiri.