Msimbo wa Kompyuta si Hukumu

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua. Tofauti hiyo ningependa tuizingatie, kwa sababu kuisahau kunawagharimu fedha nyingi wenye magari hapa Nakuru na, baya zaidi, kunawapotosha vijana tunaowafunza ufundi.

Dereva anayepanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit huenda anaifahamu hali hii. Anakanyaga mafuta, injini inasita, kisha inashtuka na kuvuta. Taa ya injini inawaka. Gari linapelekwa gereji, linaunganishwa na kompyuta ndogo, nayo inatoa msimbo, tuseme P0171. Makanika anatangaza, "Sensa imekufa." Sensa mpya inanunuliwa, na baada ya siku chache gari linasita tena.

Ukweli ni kwamba msimbo huo haukutaja kifo cha kihisi chochote. Maana yake ni kuwa hewa imezidi petroli katika mchanganyiko unaochomwa na injini. Huenda kifaa kinachopima hewa kimeshika uchafu, kikatoa hesabu pungufu. Huenda mpira wa hewa umepasuka, ukaingiza hewa isiyopimwa. Huenda pampu ya petroli imechoka. Na huenda kweli kihisi cha oksijeni kilicho kwenye ekzosi kimezeeka. Sababu ni nne, alama ni moja. Mwanafunzi wa isimu hashangai: neno "kaa" laweza kuwa kipande cha makaa, kiumbe wa pwani au tendo la kuketi, na muktadha ndio huamua.

Muktadha wa Nakuru ni upi? Kwanza ni vumbi. Jina lenyewe la mji huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana hiyo. Katika magari mengi hewa hupimwa kwa uzi mwembamba uliopashwa moto. Uchafu ukipita kwenye chujio na kuugandama uzi huo, haupoi ipasavyo, na kompyuta hudanganyika. Mara nyingi tiba ni kuusafisha kwa dawa yake maalumu, si kununua mwingine. Pili ni mwinuko. Tuko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo ikipungukiwa nguvu huku, si lazima iwe inaumwa.

Kwa nini basi tunakosea? Sikubaliani na wanaowalaumu mafundi kwa ujinga. Lawama naielekeza kwenye mafunzo. Kijana hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hufanya kazi na kujieleza kwa Kiswahili. Katikati ya lugha hizo mbili hukariri majina ya vifaa bila kazi zake. Hilo neno "sensa" halimsaidii, kwani katika Kiswahili sanifu sensa ni hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2019. "Kihisi", kinyume chake, hujieleza: ni kitu kinachohisi. Kinachohisi huarifu tu, hakihukumu. Anayelielewa neno hilo atauliza mara moja, "Kimehisi nini?"

Watakaopinga watasema miongozo ya magari haijaandikwa kwa Kiswahili. Ni kweli, na fundi sharti ajue kuisoma. Lakini kusoma mwongozo ni jambo moja, na kufikiri ni jingine. Isitoshe, gereji zetu tayari zina msamiati wenye upambanuzi mkali: gari linalosita silo linalomisi, na linalomisi silo lisilovuta. Huo ni uchunguzi wa kitaalamu, ila haujapewa nafasi darasani. Katiba ya 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Urasmi huo usiishie bungeni na mahakamani.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi nina pendekezo moja. Mwanafunzi asiruhusiwe kung'oa kifaa kabla hajajibu kwa Kiswahili fasaha maswali matatu: gari linafanya nini, kihisi kimearifu nini, na ni kipimo gani kitakachothibitisha. Akishindwa kujibu, bado anabahatisha, hata kama ana kompyuta mkononi. Nanyi wanafunzi wa Kiswahili, chukueni madaftari mwende gereji mkayaandike maneno ya mafundi. Kamusi ya ufundi haitashushwa kutoka mbinguni.

Mwenye gari anayelipia kifaa asichokihitaji analipa ada ya somo ambalo sisi walimu hatukulifundisha.