Maua ya Gent

Tulikuwa na siku mbili tu mjini Gent, katika Ubelgiji. Dominika asubuhi, baada ya Misa, tulikwenda kwenye uwanja wa Kouter, penye soko la maua. Tulijaribu kupatana bei ya mawaridi kama sokoni kwetu. Mwuzaji alicheka tu. Tukayapelekea mama aliyetulaza.

Mchana tuliingia katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo, kuitazama picha ya Mwana-Kondoo wa Mungu. Hubert van Eyck aliianza, akafa mwaka 1426. Ndugu yake Jan akaimaliza mwaka 1432, kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni. Mwana-Kondoo amesimama juu ya altare, damu yake yatiririka ndani ya kalisi, na pande zote ni majani mabichi yenye maua. Tuliyasogelea mpaka kioo kikatuzuia. Hayakuchorwa ovyo: wajuzi wa mimea wameyatambua mengi kwa majina. Hata taji la Bikira Maria limepambwa kwa mawaridi na mayungiyungi.

Lakini ubao mmoja, chini upande wa kushoto, ni nakala. Ule wa asili, wenye Waamuzi wa Haki, uliibwa mwezi wa Aprili 1934 pamoja na mwingine wa Yohane Mbatizaji. Mwivi alidai fedha nyingi, akarudisha huo wa Yohane. Ule wa Waamuzi haujaonekana hadi leo.

Tulikusudia kutembea kando ya mto pia. Saa ya gari la moshi ikatukuta tungali mbele ya picha.