Kompyuta ya Mwanachuo: Wazazi, Tusinunue Kibandiko



Ndugu wazazi wa Busia zote mbili, Malaba na Tororo, kila mwaka vijana wetu wanapopata nafasi ya kusomea uhandisi wa programu, swali huwa ni lile lile: tumnunulie kompyuta mpakato gani?

Hapa mpakani, kulikozaliwa neno boda boda, hakuna anayenunua pikipiki kwa kutazama rangi. Huiwasha, huisikiliza, hutazama kadi yake. Ajabu ni kwamba mzazi huyo huyo huuza ng'ombe, akaingia dukani na kununua kompyuta kwa sababu inang'aa na ina kibandiko cha "i7". Muhula haujaisha, mtoto anaomba kuazima ya mwenzake.

Maoni yangu ni haya: kwa mwanafunzi huyu, kompyuta imara iliyotumika ofisini ni bora kuliko mpya ya bei rahisi yenye RAM ya GB 4. Android Studio peke yake, programu ya kutengenezea programu za simu, huhitaji GB 8, na GB 16 ukitaka kuitumia pamoja na simu yake ya majaribio. Basi tusishuke chini ya GB 8, na tuulize kama RAM inaweza kuongezwa baadaye. Diski iwe SSD, angalau GB 256.

Kuhusu kibandiko, someni namba yote. i5-8250U ni kizazi cha 8. I7-3520M ni kizazi cha 3, cha mwaka 2012. Hiyo i5 ndiyo mpya zaidi. Jambo hili lina uzito sasa, kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel hukubali, isipokuwa chache, kuanzia kizazi cha 8. Za zamani zitauzwa rahisi. Anayeweza kutumia Linux kama Ubuntu, ambayo ni bure, bado atanufaika nazo. Asiyeweza asidanganywe na bei.

Kabla ya kulipa, iwasheni bila chaja kwa nusu saa, maana umeme wetu tunaujua. Jaribuni kibodi yote. Hakikisheni haina neno la siri la kampuni iliyoitumia zamani. Dai risiti yenye namba ya mashine; itakusaidia ukiulizwa forodhani. Na nunueni upande ambao mtoto atasomea, kwani dhamana ya duka la ng'ambo ina maana gani ikiwa kila hitilafu ni safari ya kuvuka mpaka?

Mwisho, tusikimbilie mkopo wa riba kwa ajili ya mashine. Masomo ya mwanzo kama C na Python hufanyika hata kwenye kompyuta dhaifu, na chuoni kuna maabara. Heri mtoto asubiri muhula mmoja tukichanga, kuliko nyumba nzima kulipa deni la kitu kilichokwisha haribika.