Umeme wa Nchi Kavu Uingiapo Mashuani

Mwalimu wa Fukayosi atafutaye somo la umeme na awapeleke wanafunzi wake pwani ya Bagamoyo, wakatazame betri ya volti 12 iwashayo taa za kuvulia dagaa. Mvuvi atakaye kuichaji humo humo chomboni aweza kuweka ubavuni mwa mashua kipokeo cha umeme wa volti 230.

Swali la kwanza ni hili: pini zikae upande gani? Zikae chomboni, matundu yawe kwenye waya utokao nchi kavu. Ukigeuza, siku waya utakapochomoka pini zitabaki wazi zikiwa na umeme, na mshikaji amesimama katika maji ya chumvi.

Wala fyuzi haitamwokoa. Fyuzi ya ampea 10 haikatiki kwa ampea 0.1, nayo yatosha kuua. Kifaacho ni swichi ya usalama ikatayo umeme uvujapo miliampea 30, ifungwe nchi kavu, waya unapoanzia.

Twawakaririsha vijana kanuni ya Ohm. Nadhani swali la pini lingewafaa zaidi. Na mashua isiyo na swichi hiyo, betri yake naibebwe begani hadi nyumbani, ijapokuwa nzito.