Fuvu Lenye Jina Letu Tusilolijua

Majuzi nilimtembelea dada yangu Katesh, chini ya Mlima Hanang, nikamkuta binti yake wa kidato cha kwanza akidurusu historia. Alitamka neno “Zinjanthropus” bila kukwama. Nilipomuuliza maana yake, alinitazama kwa mshangao. “Mjomba, sisi tumeambiwa tulikariri tu. Hutoka kwenye mtihani.”

Sikuweza kumlaumu, kwani hata mimi nililikariri vivyo hivyo nilipokuwa shuleni Mbulu.

Fuvu hilo liligunduliwa na Mary Leakey katika bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Mumewe, Louis, ndiye aliyelipa jina la Zinjanthropus boisei. Tulipasue jina hilo. “Zinj” ndivyo wanajiografia wa Kiarabu wa kale walivyoiita pwani yetu, na neno hilo limo ndani ya jina Zanzibar. “Anthropos” ni mtu kwa Kigiriki. “Boisei” ni shukrani kwa Charles Boise, mfadhili wa utafiti. Basi mpwa wangu alikuwa akitaja “Mtu wa Zinj”, naye akidhani ni Kizungu kitupu!

Wataalamu wa baadaye walilihamishia fuvu hilo katika jenasi nyingine, na leo wengi huliita Paranthropus boisei. Tazama kilichoondoka na kilichobaki: Zinj imefutwa, mfadhili amedumu.

Hata huku kwetu yametukia. Kuanzia mwaka 1935, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alipata vipande vya mafuvu kando ya Ziwa Eyasi, jirani na Mbulu. Viliitwa Africanthropus njarasensis, kutokana na Njarasa, jina la ziwa hilo katika maandishi ya Wajerumani. Jina hilo nalo limeachwa. Kisha mwaka 1978 ikatangazwa spishi ya Australopithecus afarensis. Kielelezo chake rasmi ni taya lililopatikana Laetoli, hapa Tanzania, mwaka 1974, lakini jina likachukuliwa Afar, Ethiopia. Mtoto wetu atajuaje kwamba taya hilo ni la kwao?

Sidai kwamba majina hayo yabadilishwe. Sayansi ina kanuni zake, na Kilatini huwawezesha wataalamu wa mataifa yote kuelewana. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kimo katika uwezo wetu: kila jina la namna hii lifasiriwe kwa Kiswahili siku ile ile linapofundishwa. Maneno tunayo: kisukuku, zamadamu, fuvu, taya. Homo habilis, aliyepewa jina mwaka 1964 kwa sababu ya zana za mawe, ni “mtu stadi”. Mwalimu akitumia nusu dakika kulieleza hilo, mwanafunzi hatalisahau.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mapambo tu, mradi mtoto amefaulu. Nami nauliza: amefaulu nini? Katika Mbulu na Hanang tunasikilizana kwa Kiiraqw, Kidatooga, Kihadza na lugha za Kibantu, na katika zote hizo mtoto hapewi jina lisilo na maana. Mzee akiulizwa kwa nini mtoto fulani anaitwa hivyo, atakueleza habari ya mvua, safari au msiba. Iweje basi tumnyime desturi hiyo mzee kuliko wazee wote, aliyelala mwambani mlangoni petu?

Nilipomweleza mpwa wangu maana ya Zinj, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Kumbe ni sisi?” Kwa swali hilo moja alikuwa ameanza kusoma historia. Nafunga kwa ubeti huu:

Mifupa imo mwambani, haikujipa majina,
Wageni toka mbalini, ndio walioinena,
Tukikaa darasani, twakariri pasi mana,
Leo natoa maoni, yafasiriwe kwa kina.