TIKITI ZA BAHATI NASIBU SHULENI: NI SADAKA AU NI KAMARI?



Ndugu zangu Waislamu, wazazi na wanafunzi wa Kasese, Bwera na popote mnaposomea ukurasa huu. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Muhula uliopita, baada ya darasa la Jumamosi, mtoto mmoja wa madrasa alibaki nyuma wenzake walipotoka. Ana miaka 11. Akatoa mfukoni kijitabu cha tikiti 10, kila moja shilingi 2,000. Kundi la wazazi katika shule anayosoma lilikuwa likichangisha fedha za kujenga vyoo, na kila mtoto alipewa kijitabu akauze. "Maalim, nimeuza tatu tu," akaniambia. "Jumatatu wanataka zote au pesa zake. Ninunulie mbili."

Sikununua. Nilimwambia nitakwenda kuzungumza na mama yake. Nilipofika kwao nikakuta mama amekwisha kopa shilingi 14,000 kwa jirani ili alipie zile saba zilizobaki, kwa kuogopa mtoto asije akaaibishwa mbele ya wenzake. Mama huyo anauza nyanya katika soko la Mpondwe. Mnaolijua soko lile mnajua nyanya ngapi ziuzwe mpaka ipatikane faida ya shilingi 14,000.

Siku ya kuchezesha ikafika. Zawadi ya kwanza, sola na betri yake, ikaenda kwa shemeji wa mweka hazina. Zawadi ya pili, simu, ikaenda kwa mmoja wa waliokuwa wamesimama karibu na sanduku. Watu wakaguna, wakatazamana, wakaenda zao. Sisemi kwamba waliiba. Sikuona wizi, na Suratul-Hujurat, aya ya 12, imetukataza kufuata dhana nyingi. Lakini jioni ile yule mama aliniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake. Aliniuliza: "Maalim, hivi zile tikiti zangu saba ziliingia kwenye sanduku?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

TATIZO SI KUCHANGIA SHULE

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Kuchangia shule ni jambo jema, na wazazi wa Uganda wana historia nayo. Katika miaka ya 1970 na 1980, serikali iliposhindwa kuzigharimia shule ipasavyo, michango ya wazazi ndiyo iliyozishikilia shule nyingi zisifungwe. Hata baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1997, madawati, vyoo, uji na chaki vimeendelea kuwatazama wazazi. Anayechangia kwa nia safi ana ujira wake, Inshaallah.

Tatizo langu ni njia. Wengine huiita bahati nasibu, wengine tombola kama wenzetu wa upande wa Kasindi. Kwa jina lolote, kilichomo ndani ni kimoja: watu wengi wanatoa pesa, zinakusanywa, kisha wachache wanapata kwa bahati na wengi wanakosa. Hiyo ni kamari.

Sasa tuzitazame hoja za wanaoitetea, moja baada ya moja.

HOJA YA KWANZA: "NI KWA AJILI YA KHERI"

Hii ndiyo hoja yao kubwa. Basi tujiulize, ile kamari iliyoharamishwa katika Suratul-Maida, aya ya 90, ilikuwaje?

Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zama za ujahiliya, hasa wakati wa shida na baridi, walikuwa wakichinja ngamia na kumgawa mafungu. Walikuwa na mishale kumi, saba ina mafungu na mitatu ni mitupu. Ambaye mshale wake umetoka na fungu amepata nyama. Ambaye umetoka mtupu anabeba bei ya ngamia. Na wale walioshinda hawakuila nyama ile, waliwapa maskini, na wakajisifu kwa ukarimu huo, na asiyeshiriki wakamwita bahili.

Umeona, ndugu msomaji? KAMARI ILIYOTERESHEWA AYA ILIKUWA NA MASKINI NDANI YAKE. Ilikuwa ni harambee ya zama zile. Ndiyo maana Suratul-Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Imekubali manufaa yapo, kisha ikasema dhambi yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo anayetwambia leo kwamba tikiti zinaleta vyoo hajatuletea jipya. Hoja hiyo ilikwisha jibiwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Na wanachuoni wa karibu hawakunyamaza. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, ambaye wengi wanamjua kwa kuwafanyia watu wepesi, katika kitabu chake cha halali na haramu kilichotoka mwaka 1960 aliihesabu bahati nasibu kuwa ni kamari, na akakataa isamehewe kwa kisingizio cha jumuiya za kheri.

Tena kuna hadithi katika Bukhari na Muslim kwamba mtu akimwita tu mwenzake waje wacheze kamari, basi atoe sadaka. Sadaka pale ni ya kulifuta kosa la kuita kamari. Sisi tumeigeuza, tumeifanya kamari kuwa ndiyo mlango wa sadaka!

HOJA YA PILI: "NI ELFU MBILI TU, TENA HALAZIMISHWI MTU"

Muulizeni yule mama wa nyanya kama hakulazimishwa. Mtoto anapopewa kijitabu chenye jina lake, na siku ya kukirudisha imetajwa mbele ya darasa, hapo hiari imekwisha. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 imeruhusu michango ya hiari katika shule za serikali zilizo katika mpango wa elimu bure, na imekataza mtoto kuzuiwa masomo kwa sababu mzazi hakutoa. Mtoto anayelala akiogopa asubuhi kwa sababu ya tikiti saba hajui hiari ni nini.

Na jambo jingine. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 imemzuia mtu aliye chini ya miaka 25 kushiriki katika kamari. Miaka 25! Sasa mtoto wa miaka 11 anauza tikiti barabarani, anamwambia mpita njia, "Mzee, unaweza kushinda simu." Tunamfundisha nini? Halafu akifika miaka 18 tukimkuta amejipanga kwenye kibanda cha kubeti mpira tunamlaumu, tunasema vijana wa siku hizi wameharibika. Nani alimpa tikiti ya kwanza?

HOJA YA TATU: "MBONA KURA IMERUHUSIWA?"

Wanafunzi wangu wakubwa wameniuliza hili, na ni swali zuri. Ni kweli Mtume (S.A.W.) alikuwa akipiga kura baina ya wake zake anapotaka kusafiri, na Qur'an imetaja kura katika kisa cha Nabii Yunus (A.S.) na katika kisa cha malezi ya Bibi Maryam (A.S.). Lakini katika hizo zote hakuna aliyeweka pesa akitarajia kuchukua za mwenziwe. Kura ilitumika kuchagua mmoja miongoni mwa watu wenye haki sawa.

Kwa hiyo tajiri akitoa baiskeli bure, wakapigiwa kura wanafunzi bila yeyote kulipa kitu, hiyo haina neno. Ukishaweka kiingilio cha kununua nafasi ya kushinda, umetoka kwenye kura na kuingia kwenye kamari.

HOJA YA NNE: "WATU HAWATOI BILA ZAWADI"

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme shule ina familia 600, na kila familia inunue tikiti mbili za shilingi 2,000. Zimeingia 2,400,000. Toa zawadi 900,000. Toa kuchapisha tikiti 150,000. Toa spika, turubai na soda za wageni 200,000. Zimebaki 1,150,000 za vyoo. Yaani zaidi ya nusu imeliwa njiani.

Sasa kila familia ingetoa shilingi 2,000 mara moja tu, bila tikiti wala spika, zingepatikana 1,200,000. Mzazi ametoa NUSU ya alichotoa kwenye tikiti, na shule imepata ZAIDI. Akili gani inachagua ile ya kwanza?

Na si kweli kwamba watu wetu hawatoi. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, watu wa Kasese walipoteza nyumba, na hata hospitali ya Kilembe ikapigwa na maji. Majirani walitoa nguo, vyakula na mahali pa kulala. Nani aliuliza zawadi ya kwanza ni nini?

TUJE KWENYE DHULMA

Hata asiyekubaliana nami katika fiqhi, na hata jirani yetu Mkristo ambaye hoja ya aya haimfungi, alitazame hili la uadilifu. Bahati nasibu ya shule ni mlango mpana wa udanganyifu. Nani anahesabu vipande vilivyoingia kwenye sanduku? Tikiti zisizouzwa zinachanwa, au zinaingia nazo na kuwa mali ya kamati? Anayechomoa ni nani, na kipande kilichokunjwa pembe si anaweza kukitambua kwa vidole? Kwa nini kuchezesha kunacheleweshwa mpaka jioni, wazazi wa mbali wameshapanda boda boda?

Wenye mitambo na wanasheria wenyewe wameshindwa kuuziba mlango huu. Huko Pennsylvania, Marekani, tarehe 24 Aprili 1980, bahati nasibu ya jimbo ilichezeshwa mbele ya televisheni na ikatoka 666. Ikagundulika kwamba mtangazaji wa kipindi hicho na wenzake walikuwa wameitia uzito mipira yote isipokuwa ya namba 4 na 6. Na Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa kompyuta katika chama cha bahati nasibu za majimbo kadhaa huko huko Marekani, alitia maelekezo ya siri kwenye programu ya kuchagua namba. Mwaka 2017 alikiri na akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Mlinzi ndiye aliyekuwa mwizi. Ikiwa hayo yametokea penye wakaguzi, sanduku la karatasi chini ya mwembe litatuaminisha nini?

Wajumbe wa kamati watasema, "Sisi ni waaminifu, mnatudhania vibaya." Huenda ni kweli. Lakini Mtume (S.A.W.) alipokuwa akimsindikiza mkewe Bibi Safiyya (R.A.) usiku, wakapita Maansari wawili, aliwaita akawaambia ni nani aliye naye. Mbora wa viumbe aliiondoa dhana kabla haijaingia moyoni mwa mtu. Mweka hazina wa shule ni nani hata aone tabu kuonyesha vitabu vyake?

Na yule Ibn al-Lutbiyya alipotumwa kukusanya sadaka, akarudi akasema hizi ni zenu na hizi nimezawadiwa mimi, Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari, akahoji kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake angeletewa zawadi hizo. Mjumbe wa kamati ajiulize vivyo hivyo. Asingekuwa mjumbe, sola ingefika kwake?

Na sisi wa misikiti na madrasa tusijione tumesalimika. Nimewahi kusikia pendekezo kama hili katika kikao chetu wenyewe, kwa ajili ya mabati ya paa, na waliokataa tulikuwa wachache. Uchafu hauwi safi kwa kuingizwa msikitini.

TUFANYE NINI?

1. Mzazi Mwislamu, usinunue tikiti. Nenda kwa mwalimu mkuu, mpe pesa ile ile kama mchango, udai risiti. Usimpe mtu nafasi ya kusema Waislamu hawachangii shule.

2. Mrudishe mtoto na kijitabu chake, ukiongozana naye mwenyewe. Usimwachie mtoto mzigo wa kusema "dini yetu imekataza" peke yake mbele ya mwalimu.

3. Tuingie katika kamati. Tunalalamika barazani, lakini siku ya mkutano wa wazazi viti vyetu viko wazi. Pendekeza mchango wa moja kwa moja, majina na kiasi vibandikwe ukutani, na matumizi yabandikwe vilevile. Suratul-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika na kushuhudisha hata deni la watu wawili, seuze pesa ya watu 600.

4. Asiye na pesa achangie mchanga, matofali au siku ya kazi. Choo kinajengwa kwa mikono pia.

5. Zungumzeni na majirani zetu Wakristo kwa wema. Nao wanaumizwa na sanduku lisilo na hesabu kama sisi.

Yule mama amemaliza kulipa deni lake, Alhamdulillah. Vyoo bado vimefika kwenye lenta. Mtoto wake aliniuliza wiki iliyopita, "Maalim, kama tikiti ni kamari, mbona walimu ndio walitupa?" Nilimjibu nilivyoweza. Lakini jibu la kweli la mtoto yule liko mikononi mwa wazazi, katika mkutano ujao wa wazazi. Tukinyamaza tena, tutakuwa tumemjibu kwamba haramu ikipigwa muhuri wa shule inakuwa halali.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako, na uwalinde watoto wetu. Amin.