Kabla ya Kuongeza Kifurushi, Fufueni Ruta Kuukuu

Wengi wetu tunaopanga nje ya chuo tunachangia intaneti ya nyumba nzima. Kila mtu anatoa hela sawa, lakini wa chumba cha mwisho simu yake inasoma kijistari kimoja. Siku ya kutuma kazi ya mhadhiri anakaa koridoni na laptopu mapajani, au ananunua bando lake. Huyo analipa mara mbili. Akilalamika, jibu ni lilelile: tuongeze hela, tuchukue kifurushi kikubwa zaidi.

Mimi napinga. Kifurushi kikubwa kinaongeza kasi inayoingia kwenye ruta, hakitoboi ukuta. Mawimbi ya wifi yanadhoofika kila yanapovuka tofali. Nyumba ndefu inahitaji ruta ya pili, na mara nyingi ipo tayari, imelala juu ya kabati tangu tulipohama kampuni.

Njia rahisi ni waya. Ingia kwenye mipangilio ya ruta kuukuu, ipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, kisha zima DHCP ili ruta kuu pekee igawe anwani. Weka jina na nywila zilezile. Chomeka kebo kwenye tundu la LAN, siyo la WAN. Kwenye 2.4 GHz, ruta moja iwe chaneli 1, nyingine 6 au 11, zisipigiane kelele. Basi.

Pasipopitika waya, kuna meshi: ruta zinapokezana data hewani zenyewe. Nyingi za zamani hazina uwezo huo kiwandani, ila OpenWrt, programu huria iliyoanza mwaka 2004 kwenye ruta za Linksys WRT54G, inaweza kuwapa baadhi yake. Hakikisha kwanza modeli yako inakubalika, maana programu isiyo yake inaweza kuiua ruta. Zenye flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32 ni ndogo mno kwa matoleo ya sasa.

Kuna watakaosema eti meshi ya ruta kuukuu ni konokono. Hawajakosea sana: yenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi hushuka karibu nusu kwa kila hatua. Ndiyo maana nasema waya kwanza. Lakini kwa aliye chumba cha mwisho, nusu ya kasi inatuma kazi. Sifuri haitumi kitu.

Serikali ya wanafunzi iweke boksi la kukusanya ruta zisizotumika, na wenzetu wa kompyuta watufundishe Jumamosi moja tu. Sisi wa ualimu tuwe mstari wa mbele. Kesho tunaweza kupangiwa shule yenye ruta moja, tena ofisini kwa mkuu. Anayejua kuisogeza intaneti hadi darasani hatasubiri bajeti.